Kusahau si Uchawi

VISIWANI mzee anayesahau huambiwa amerejea utotoni. Watu hucheka kidogo, kisha hukalishwa barazani na jamaa wakaendelea na shughuli zao. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaweza kudhani kwamba na bara mambo ni hivyo hivyo. Tuliyoyaona Pito, karibu na mji wa Sumbawanga, yanafaa kuelezwa.

Katika nyumba moja tulimkuta bibi akiuliza kila mara kama mumewe amekwisha rudi kutoka shambani. Mume huyo alifariki zamani. Binti yake hakubishana naye. Alimjibu, "Bado, mama, tumngojee," akachochea moto na kumfunika blanketi, maana baridi ya Ufipa haina mzaha. Bibi akatulia. Hatujaona dawa ifanyayo kazi upesi kuliko hiyo.

Lakini mzee kama huyo asiye na binti, akitangatanga usiku na kubisha mlango usio wake, huenda akaitwa mchawi. Ajabu ni kwamba jina lenyewe la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni amri ya kuutupa uchawi! Katika mikoa kadhaa ya bara wazee wamekwisha uawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Kusahau huku ni maradhi ya ubongo. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, ulionyesha kuwa kiasi cha 6 katika kila 100 wanayo. Nasi tuliopitia chuoni hatuna udhuru wa kushangaa, kwani umri dhalili, ambao mtu husahau aliyoyajua, umetajwa katika Kurani.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee. Ni sawa. Lakini familia, aghalabu, ni mwanamke mmoja asiyelala usiku, na ambaye hajaelezwa na yeyote kwamba mama yake ni mgonjwa. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wa miaka 70 na zaidi, hatua ya kupongezwa; hata hivyo fedha hiyo huhesabu mzee, haimhesabu anayemlea.

Sheha anawajua wazee wa shehia yake, na balozi wa nyumba kumi wa Pito anawajua wake. Maofisa wa ustawi wa jamii wawaulize hao, kabla ya bajeti ijayo, ni nani anayelea mzee asiyekumbuka, na akiugua yeye nani atashika zamu.