Adabu Haina Kuponi

Kuna wazo ambalo karibu kila mtu hulipenda anapolisikia kwa mara ya kwanza: kwenye bustani za burudani, mgeni anayeonyesha ustaarabu apewe kitu. Akimpisha mama mwenye mtoto mgongoni, stika. Akiokota chupa ambayo hakuitupa yeye, kuponi ya aiskrimu. Akisubiri zamu yake bila kumfokea mhudumu, kikuku cha rangi ya dhahabu ambacho watoto wenzake watakionea wivu. Gharama ni ndogo, watoto wanafurahi, foleni inatulia. Nani atapinga?

Mimi napinga. Zawadi hizo ni ndogo kwa bei lakini kubwa kwa kazi zinayofanya, nayo ni kumfundisha mtu kwamba kumtendea mwenzake vizuri ni huduma, na huduma hulipiwa. Akishajifunza hivyo, siku malipo yasipokuwepo hatakuwa amekosa adabu. Atakuwa amegoma tu, kama mfanyakazi yeyote ambaye hajalipwa.

Tatizo lenyewe lipo, sikatai. Mtu amelipa kiingilio kinachouma, jua linamchoma utosini, watoto wamechoka na foleni haisogei. Mpole wa nyumbani anageuka simba. Mwaka 2022, bustani ya Knott's Berry Farm huko California ilianza kuwataka vijana wa miaka 17 na chini yake waingie na mtu mzima katika siku za mwisho wa wiki, baada ya ugomvi kuzuka ndani ya bustani. Desemba ya mwaka huohuo Disney iliongeza kwenye tovuti za bustani zake za Marekani maneno ya kuwakumbusha wageni watendeane kwa heshima na huruma. Kampuni iliyojijengea jina duniani kwa tabasamu ikifika mahali pa kuwaandikia watu wazima kwamba waheshimiane, basi ujue maji yamefika shingoni.

Kwa hiyo hatubishani kama adabu imepungua kwenye foleni. Tunabishana kuhusu dawa.

Niliiona dawa hiyo ikitumika sikukuu moja ya Idd, kwenye bustani ya maji ya pwani yetu ambayo jina lake nalihifadhi. Nilikuwa nimewapeleka wapwa zangu wawili. Chini ya mtelezo mkubwa alisimama dada mmoja mwenye fulana ya njano na karatasi ya stika mkononi. Mtoto aliyempisha mwenzake alipata stika moja. Aliyefikisha tano alipata aiskrimu. Kwa saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Watoto walipishana mpaka foleni ikaanza kurudi nyuma. Kisha nikamsikia baba mmoja akimnong'oneza mwanawe: "Mpishe huyo sasa hivi, yule dada anaangalia."

Sentensi hiyo ndiyo mpango mzima. Hakusema mpishe huyo, ni mdogo. Hakusema mpishe, amesimama muda mrefu. Alisema anaangalia. Yule mtoto alimpisha mwenzake huku uso wake umegeukia fulana ya njano, na sidhani kama angeweza baadaye kukwambia aliyempisha alikuwa mvulana au msichana.

Ilipofika kama saa kumi jioni stika zikaisha. Mvulana mwenye stika nne kifuani akauliza, "Anti, zimekwisha kabisa?" Akaambiwa ndiyo. "Basi mimi napita," akasema, na akapita, akimsukuma kwa kiwiko mtoto aliyekuwa mbele yake. Mama mmoja akamjia juu yule dada, akidai mwanawe alimpisha mtu tangu saa nane na hakupewa chochote, wakati mtoto wa fulani amepewa mbili. Dada wa watu, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa kuhakikisha hakuna anayeumia majini, akageuzwa hakimu wa tabia za watoto mia, bila mshahara wa hakimu.

Wakati huohuo, juu kabisa kwenye ngazi, mtoto mdogo alikuwa ameganda kwa hofu. Msichana wa kama miaka minane ambaye hakuwa ndugu yake alimshika mkono, akashuka naye ngazi zote mpaka chini, akapoteza zamu yake na kwenda kuanza mwisho wa foleni. Hakupata kitu. Karatasi ya stika ilikuwa upande wa pili.

Hili ndilo kosa la kwanza la zawadi za adabu: zinalipa kinachoonekana. Na adabu iliyo bora mara nyingi haionekani, kwa sababu inafanyika pale ambapo mtu amesahau kwamba yupo anayetazama. Wazee wetu waliosema tenda wema nenda zako hawakuwa wakifanya mashairi. Walikuwa wakieleza namna wema unavyofanya kazi: usipokwenda zako, ukibaki pale na mkono umeufungua, umegeuza wema kuwa deni.

Kosa la pili limepimwa na watafiti. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti juu ya watoto wa shule ya awali kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe kama wangechora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, lakini baada ya kuchora lilipewa cheti hichohicho kwa kushtukiza. La tatu halikuahidiwa wala kupewa. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zilirudishwa darasani bila zawadi yoyote. Watoto walioahidiwa cheti walizitumia kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao. Mchezo walioupenda ulikuwa umegeuka kazi, na kazi isiyolipa huachwa.

Utasema kuchora si kusaidia watu. Haya, mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha jaribio juu ya watoto wa miezi 20, wanaojifunza kutembea vizuri. Mtu mzima alikuwa akiangusha vitu, na watoto walikuwa wakimwokotea. Waliopewa kitu cha kuchezea kila waliposaidia, baadaye walisaidia mara chache kuliko wale ambao hawakupewa chochote au walisifiwa tu kwa maneno. Fikiria: mtoto ambaye hajaweza kuunga sentensi tatu alikuwa na wema wake tayari, na sisi tukampunguzia kwa kumpa ujira.

Na mlango huu ukishafunguka, kuufunga si rahisi. Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliandika mwaka 2000 kuhusu vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao. Katika vituo 6 iliwekwa faini ya shekeli 10 kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika 10. Wachelewaji hawakupungua, waliongezeka karibu mara mbili. Mzazi aliyekuwa akiona haya mbele ya mwalimu sasa aliona bei, na bei ilikuwa nafuu. Faini ilipoondolewa, idadi haikurudi ilipokuwa. Faini na zawadi ni vitu tofauti, lakini vyote viwili hufanya jambo moja: hubandika bei mahali palipokuwa na haya na utu. Bei ukiibandua, haya hairudi.

Wapo wanasaikolojia wanaobisha ukubwa wa athari hizi, na baadhi yao wanaonyesha kwamba kwa kazi inayochosha, ambayo hakuna aliyeipenda tangu mwanzo, zawadi haiharibu kitu. Nakubali. Lakini anayeichukua hoja hiyo kuitetea stika ya adabu amekiri kwamba, machoni pake, kumpisha mtoto mdogo ni kazi ya kuchosha kama kuhesabu misumari.

Nimesikia pia hoja nzito kuliko hiyo: mbona hata dini zetu zinaahidi thawabu? Ni kweli, lakini thawabu haigawiwi langoni na mwenye karatasi, na hakuna ajuaye amefikisha ngapi. Zaidi ya hapo, Waislamu na Wakristo wote wawili wameonywa juu ya mtu atendaye wema ili aonekane na watu. Neno riya tunalo katika lugha yetu kwa kazi hiyohiyo. Stika kifuani ni riya iliyopigwa chapa.

Linaloniudhi kuliko yote ni kwamba anayetoa zawadi hizi mara nyingi ndiye anayeiharibu foleni. Mwaka 1999 Disney ilianzisha FastPass, mpango ambao kila mwenye tiketi angeweza kujiwekea saa ya kupanda mchezo fulani, bila malipo ya ziada. Mwaka 2021, katika bustani zake za Marekani, mpango huo ulikufa na nafasi yake ikachukuliwa na njia ya kulipia. Tangu hapo, mwenye fedha anapita pembeni huku wewe na watoto wako mkimtazama. Na bustani inayofanya hivyo imekwisha kutoa somo la adabu kwa sauti kubwa kuliko bango lolote: zamu ni bidhaa. Ukishauza zamu kwa anayeweza kulipa, unapata wapi uso wa kumpa stika asiyeweza, eti kwa kuwa amesubiri kwa upole? Huko si kuhimiza ustaarabu. Ni kumpoza mtu aliyenyimwa haki yake. Tunasema heshima si utumwa; lakini heshima inayodaiwa kwa wanaosubiri peke yao, huku wengine wakinunua ruhusa ya kutosubiri, imeanza kufanana na utumwa.

Basi tufanyeje? Fedha za stika na aiskrimu zijenge kivuli juu ya foleni, maana hasira nyingi ni jua na kiu. Yawekwe maji ya kunywa ya bure. Liandikwe bango la ukweli: kuanzia hapa utasubiri dakika 40. Mtu akijua urefu wa subira yake huibeba vizuri zaidi. Ziwepo kamba zinazofanya foleni iwe moja, ili anayechomekea aonekane anachomekea. Wahudumu wawe wengi, walipwe vizuri, na wapewe mamlaka ya kumrudisha nyuma mtu mzima aliyeruka zamu, hata kama mtu huyo ana saa ya bei kubwa mkononi. Na zamu iwe moja kwa wote. Mwenye ulemavu, mjamzito na mzee wapishwe kwa sababu wanahitaji, na kila mtu aelezwe hivyo.

Na shukrani? Ziwepo, tena nyingi. Kumbuka kundi la pili la watoto wa Stanford: waliopewa cheti kwa kushtukiza hawakupoteza hamu ya kuchora. Wale wa miezi 20 waliosifiwa kwa maneno waliendelea kusaidia. Mhudumu akimwona msichana akimshusha mwenzake ngazini, amwendee, amwite kwa jina, amwambie, "Nimeona ulivyomsaidia, ahsante sana mwanangu." Hata akimpa aiskrimu, sawa, mradi hakukuwa na tangazo, hakukuwa na hesabu ya tano, na hakuna aliyeambiwa jana kwamba aiskrimu ipo. Shukrani hufuata tendo. Ujira hutangulia tendo na kuliita. Wasimamizi wanaodai hawaoni tofauti wanaiona vizuri sana wanapoandika mikataba ya wafanyakazi wao.

Wengi wenu mnaosoma hapa mna wadogo zenu, na likizo ikija ndio mtakaotumwa kuwapeleka kwenye bembea na mabwawa. Mkikabidhiwa kadi ya stika langoni, irudisheni kwa upole. Mtoto akiuliza kwa nini ampishe mwenzake, mwambieni kwa sababu mwenzake ni mdogo, au ametangulia, au amechoka. Akiuliza atapata nini, mwambieni hatapata kitu. Atanuna kidogo. Mwacheni anune, foleni ni ndefu na muda wa kulifikiria hilo anao.