Bustani ya Mlangoni: Tunda la kuokotwa



Juma lililopita, baada ya mkutano, mama mmoja wa kikundi alituuliza: "Mama Mwalimu, nataka kitu kizuri mbele ya nyumba. Lakini parseli yangu ni ndogo, siwezi kupoteza nafasi kwa maua ya kutazama tu." Ana haki. Tukamjibu: panda fizalisi. Ni lile tunda dogo la njano linalojifunika ndani ya kimfuko kama karatasi. Hapa Kivu wengi wetu tulilila tukiwa watoto, na kila lugha ya kwetu ina jina lake. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, kule Peru na Kolombia, na ndiyo sababu linazoea baridi ya vilima vyetu.

Kichaka chake hakiendi juu sana, kinafika kiunoni tu, lakini kinatandaza matawi pande zote. Majani yake yana umbo la moyo na manyoya laini. Maua ni ya njano, yana madoa meusi katikati, na vimfuko vinaning'inia kama taa ndogo. Basi ni pambo, na pia ni chakula chenye vitamini A na C.

Mbegu hazihitaji franka. Tunda moja lina zaidi ya mbegu 100. Chagueni matunda matano makubwa, yaliyoiva kabisa, kwenye kichaka kisicho na ugonjwa. Yapondeni katika bakuli la maji na kuyaacha siku mbili. Nyama ya tunda italegea na mbegu nzuri zitazama chini. Zioshwe ndani ya kichujio, kisha zianikwe kwenye sahani kivulini. Msizianike juu ya karatasi, zitaganda. Zikikauka, ziwekwe katika bahasha mahali pasipo unyevu.

Pepinieri ifanywe mwisho wa mwezi wa saba, ili mvua za mwezi wa tisa zikute miche iko tayari. Beseni la zamani lililotobolewa chini linatosha. Changanyeni udongo mweusi, mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri. Nyunyizeni mbegu juu, halafu zifunikeni kwa udongo mwembamba sana, kama chumvi juu ya chakula. Hapo ndipo sisi tulikosea mara ya kwanza. Tulizika mbegu kwa urefu wa kidole, kama maharagwe. Tulingoja mwezi mzima, hakuna kilichoota, tukasema mbegu ni mbaya. Kumbe mbegu zilikuwa nzuri, mkono wetu ndio haukuwa mzuri.

Wekeni beseni kivulini, mnyunyizie maji kwa vidole asubuhi na jioni. Miche itatokea kati ya juma la pili na la tatu. Ng'oeni iliyosongamana. Ikifika urefu wa kiganja, ihamishwe jioni, wakati jua limepoa, na kati ya mche na mche mwache mita moja. Msitie samadi nyingi: mtapata majani mengi na matunda machache. Tena msiipande pale mlipotoa nyanya, viazi au biringanya, maana ni ndugu wa ukoo mmoja na magonjwa yao ni yale yale. Baada ya miezi mitatu au minne mtaanza kuona matunda.

Sasa tunafika kwenye neno lililotufanya tuandike leo. Mwaka uliopita mtoto mmoja wa darasa letu alikula fizalisi za kijani, mkono mzima, wakati wa mapumziko. Alitapika na kuumwa tumbo hadi jioni, na mama yake akambeba mpaka kituo cha afya. Alipona, tunashukuru. Lakini tulijiuliza: nani alimwambia kwamba tunda hilo bichi lina sumu? Hakuna. Sisi tulimfundisha kusoma neno "tunda", hatukumfundisha kulijua tunda lenyewe.

Tangu siku hiyo tunawafundisha watoto sheria moja fupi: fizalisi inaokotwa, haichumwi. Tunda lililoiva linaanguka lenyewe pamoja na kimfuko chake. Mtoto aliokote, afungue, atazame: kimfuko kiwe na rangi ya majani makavu, na tunda liwe la njano inayoelekea rangi ya chungwa. Likiwa bado na ukijani, asilile. Majani na shina pia haviliwi. Na kuna jani la shambani linalofanana nayo, nalo lina vimfuko, lakini maua yake ni ya bluu. Hilo watoto wasiliguse. Waonyesheni ua kwanza, kabla ya tunda.

Matunda mnayookota yakae ndani ya vimfuko vyake, mahali pakavu penye hewa. Yatakaa majuma kadhaa bila kuoza, na mama atapata kitu cha kumpa mtoto anaporudi shuleni na njaa.

Tunaomba jambo moja. Kila mama atakayepanda, kazi ya kuokota aikabidhi kwa mtoto mmoja wa nyumbani, na mtoto huyo awafundishe wadogo zake ile sheria. Mbegu mtakazobakiza, leteni kwenye mkutano ili na wengine wapate.

Hadi juma lijalo, mbaki na amani.