Mdomo wa bata umenyamaza

Mwenzenu yalinikuta Oktoba 2022. Lushoto baridi kali, habari zikafika: Verckys Kiamuangana Mateta, mpuliza saksafoni aliyewika OK Jazz ya Franco kabla ya kuanzisha Orchestre Vévé mwaka 1969, amefariki Kinshasa.

Mjomba, mshabiki wa Atomic Jazz ya Tanga tangu ujana, akawaita wazee wenzake. Santuri-mashine ikafutwa vumbi. "We kijana, lete ile santuri yangu ya Vévé."

Lo! Nilishaiuza kitambo, nipate nauli ya Tanga. Wazee wanne, makoti hadi shingoni, wananitazama. Nikasema kweli.

Mjomba kimya. Halafu akaanza kuipuliza saksafoni kwa midomo yake mitupu. Wenzake wakadakia, mmoja machozi yanamtoka. Chai nikamimina mie, bila kuinua macho.