Daktari Mgeni Asiachwe Peke Yake
Juni 2018 Kenya iliwapokea madaktari 100 kutoka Cuba, wakasambazwa katika kaunti. Ujuzi walikuwa nao. Lakini bibi wa Pwani anapolalamika kwamba tumbo lamsokota tangu usiku, daktari aliyekua akizungumza Kihispania atamwulizaje zaidi? Ilibidi muuguzi awe mkalimani, huku wodi nzima ikimngoja. Wala si lugha tu. Kwao Cuba, daktari wa familia huishi mtaa mmoja na wagonjwa wake. Huku Kenya mgonjwa huweza kuandikiwa dawa akanunue nje, na pesa hana. Tofauti hiyo haifundishwi kwa semina. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kutouongeza mkataba wao. Tukiwaalika wengine, tuwape kwanza miezi ya kujifunza Kiswahili, na muuguzi anayewafasiria alipwe.