Kabla hamjaizika nyama ya titi, ifike maabara

Wiki hii tuseme jambo tunaloonea haya: donge katika titi la mama, mke au dada.

Ipo desturi katika nyumba zetu, hapa Magole na kwingineko, kwamba kiungo kikikatwa hospitali jamaa hukiomba wakakizike. Desturi hiyo siipingi. Ninachopinga ni haraka. Donge linatolewa asubuhi, shemeji anangoja mlangoni na kitambaa cheupe, na jioni nyama imeshafukiwa. Wote tunasema Alhamdulillah, limetoka. Limetoka lote? Mwenye jibu ni ile nyama, nasi tumeizika.

Mama akikuta papai lina doa bovu, hakati doa peke yake. Hukata na sehemu nzima kidogo kulizunguka, kisha hutazama pale kisu kilipopita. Daktari anayetoa donge na kuliacha titi hufanya vivyo hivyo, ila saratani haionekani kwa macho kama doa la papai. Kwa hiyo huifunga nyama nyuzi za kuonyesha upande wa juu na wa ubavuni, na nyama hutiwa katika dawa ya formalini. Maabara huipaka wino nje pande zote, huikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Wino ukikutwa umegusa chembe za saratani, maana yake kisu kilipita ndani ya ugonjwa na huenda sehemu yake imebaki mwilini. Usipogusa, kingo ni safi.

Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walikubaliana kwamba kwa saratani iliyokwisha kupenya, wino kutogusa kunatosha, mradi titi lote lipigwe mionzi baadaye. Kwa ile ambayo bado imo ndani ya mifereji ya maziwa tu, mwaka 2016 walitaka nafasi ya milimita 2. Basi mgonjwa akiitwa kuongezewa kukatwa, msikimbilie kusema daktari kaharibu au kuna mkono wa mtu. Kidole cha mpasuaji hakina hadubini.

Na kingo safi peke yake hazitoshi. Utafiti wa Dk. Bernard Fisher wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, uliwafuatilia wanawake kwa miaka 20. Walioachiwa titi waliishi muda sawa na waliokatwa lote. Lakini miongoni mwa wale ambao kingo zao zilikuwa safi, ugonjwa ulirudi katika titi lile lile kwa 39 kati ya kila 100 ambao hawakupata mionzi. Waliopata, ni 14.

Mionzi hiyo kwa sisi wa Kilosa maana yake ni Ocean Road, Dar es Salaam, tena si kwa siku moja. Nauli, mahali pa kulala, nani atabaki na watoto. Haya baba yapange kabla ya upasuaji. Kama familia inaona wazi kwamba safari hiyo haiwezekani, mwambieni daktari mapema, kwani huenda kuondoa titi lote kukawa salama zaidi kwa mama huyo kuliko kumwachia nusu ya tiba. Ni uamuzi mzito, na mama mwenyewe asikilizwe, si shemeji.

Kwa hiyo kabla hajaingia chumba cha upasuaji ulizeni: nyama itapelekwa maabara gani, majibu yatachukuliwa lini na nani, na kingo zitaandikwa humo? Karatasi ya majibu ikitoka itunzeni pamoja na vyeti vya nyumbani. Daktari wa mionzi ataiomba.

Na maziko? Maabara hubakiza vipande vidogo ndani ya nta, maana huenda vikahitajika kupimwa tena. Kuhusu kitakachosalia, waambieni mapema kwamba mnakihitaji, majibu yakishatoka mkakizike.