Kila Mtu Maana Yake Sisi Pia

Tumechoka kufundishwa habari za moshi wa jiko. Kila baada ya miezi michache semina ya hewa safi inakuja hapa Kakuma, na kila mara wanaokalishwa mbele ni akina mama. Wanaonyeshwa picha ya mafiga matatu, wanaonyeshwa picha ya mapafu meusi, wanaambiwa wapikie nje na waloweke maharage ili yaive haraka. Wanapiga makofi, wanakunywa soda, wanarudi nyumbani. Nje ya ukumbi jenereta linalowasha projekta linatoa moshi mweusi, na hakuna anayelitaja.

Sisemi moshi wa kuni hauna madhara. Unaua. Shirika la Afya Duniani linahesabu takriban watu milioni 3 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa kupikia nyumbani. Ninachosema ni kwamba mama anayepika ni mtu wa mwisho kulaumiwa. Kuni anazogawiwa hazifiki mwisho wa mwezi, sasa atachagua nini? Mwenye jenereta ndiye anayechagua alifunge wapi. Anayechoma takataka anachagua achome lini na karibu na nani. Ofisi inayonunua dizeli inachagua pia. Mbona wenye uwezo wa kuchagua hawaitwi semina?

Tuanze na jenereta. Wengi wetu hatuna umeme wa taifa, kwa hiyo mfanyabiashara ananunua mashine kubwa, anavuta waya juu ya mapaa, anauzia maduka, vinyozi na watu wa kuchaji simu. Hiyo ni kazi ya heshima. Lakini tangu mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kuwa vinaleta saratani kwa binadamu. Moshi wa sigara uko kundi hilo hilo. Huku kwetu bomba la moshi linatokea nyuma ya duka, usawa wa uso wa mtoto wa miaka mitano, na ukuta wa jirani uko hatua mbili kutoka hapo.

Halafu kuna mashimo ya taka. Yanachomwa jioni, wakati watu wamerudi nyumbani: chupa za plastiki, mifuko, madebe ya mafuta, viatu vya raba. Timu ya watoto ninaowafundisha mpira inafanya mazoezi karibu na shimo moja. Tulipeleka malalamiko. Ofisi ya kwanza ilisema taka si idara yake. Ya pili ikasema tuandike barua. Barua tuliandika, shimo linaendelea kuwaka.

Ukianza kusema haya utajibiwa mambo mawili. La kwanza, eti moshi ni kazi: ukiugusa moshi, umegusa mkate wa watu. Sisi tuliotoka Kongo jibu hilo tunalijua vizuri. Kule Lubumbashi kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mwaka 1911, na bomba lake likawa alama ya mji. Likitoa moshi, watu wanakula. Basi upepo ukawa unaupeleka moshi ule kaskazini-magharibi, miti ikafa, udongo ukajaa madini mpaka ukabaki mtupu. Shaba ilikwenda kuuzwa mbali. Sumu ikabaki kwa wakaao chini ya upepo. Kwa hiyo msitutishe na neno kazi. Tunataka umeme, na tunajua unaweza kupatikana bila moshi. Humu humu Kakuma kuna mkimbizi aliyeanzisha kampuni ya umeme wa jua.

Jibu la pili ndilo linalouma zaidi: nyinyi ni wageni, mgeni hachagui. Jamani, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kambi hii ilifunguliwa 1992. Jembe tumelishika muda mrefu. Na hata tungekuwa tumefika jana, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Imesema kila mtu. Haikusema kila raia. Kifungu cha 70 kinaongeza kwamba ukienda mahakamani kudai haki hiyo, hulazimiki kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umeshaumia.

Hayo si maandishi ya kupamba ukuta. Owino Uhuru, Mombasa, ni mtaa wa maskini wa watu kama 3,000. Mwaka 2007 kikaletwa pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Watoto wakaugua, pamoja na mtoto wa Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Omido na majirani zake walitafuta vipimo vya damu, wakaandamana, wakatishwa, hawakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na haikuzilaumu kampuni peke yake, ililaumu pia taasisi za serikali zilizotakiwa kusimamia zikalala. Rufaa ikaivuruga hukumu hiyo 2023, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hao ni watu walioitwa wavamizi wa kiwanja. Haki yao haikutegemea hati ya shamba, na yetu haitegemei kitambulisho cha rangi gani.

Basi tunadai hivi. Mabomba ya jenereta yapandishwe juu ya mapaa, na mashine ziondolewe karibu na shule na zahanati. Plastiki isichomwe ndani ya makazi. Ndugu zetu wa mashirika, anzeni na uwanja wenu: wekeni paneli za jua kwanza kwenye ofisi zenu, ndipo mje kumfundisha mama habari za jiko. Na zahanati zihesabu vikohozi kwa bloki, tuone wanaokaa karibu na moshi wanaumwa kiasi gani kuliko wengine.

Vijana wenzangu, sisi tuna daftari na simu. Kila moshi unapotoka, andika siku, saa, bloki, na upepo unaelekea wapi. Piga picha. Waturkana majirani zetu nao waandike, maana wanavuta hewa hii hii. Owino Uhuru walishinda kwa sababu walikuwa na ushahidi. Tukija siku moja mbele ya hakimu au mbele ya mkurugenzi, tusije na machozi tu, tuje na daftari lililojaa.