Daftari la Wiki: Mkulima wa Yakobo na Mbegu za Kipese

Mwaka huu wa 2025 Majilio yameanza na somo gumu kwa watu wa Lubero, mashariki mwa Kongo. Jumapili ya 30 Novemba tulisomewa Isaya, pale mataifa yanapoupanda mlima wa Bwana na panga zinafuliwa upya ziwe majembe. Kwenye viti vya nyuma walikaa watu waliotoka Kipese na vilima vya jirani, watu ambao jembe ndilo maisha yao, na ambao majembe yao yalibaki nyumbani siku walipokimbia. Alhamisi iliyofuata, tarehe 4 Desemba, Marais Félix Tshisekedi wa Kongo na Paul Kagame wa Rwanda walitia saini makubaliano ya amani huko Washington. Jumatano ya wiki hii, tarehe 10, waasi wa M23 wakaingia mji wa Uvira. Hata wiki haikutimia.

Nayaweka haya mbele kwa sababu ndiyo mazungumzo ya kila avenyi hapa Butembo, na kwa sababu siwezi kuandika juu ya Majilio kana kwamba mambo haya hayayahusu. Kijana mmoja aliniuliza nje ya kanisa kama somo lile lilitudanganya. Nilimjibu kwamba nabii hakutaja tarehe. Alitaja kazi: kufua chuma, kulima, kwenda katika mwanga hata kabla mataifa hayajakubaliana. Kijana hakuridhika, na sikumlaumu. Tuliendelea kuzungumza mpaka mvua ikatutawanya.

*

Msomaji asiyeijua Kipese aifikirie juu kwenye milima ya Lubero, katika baridi inayowafanya watu wavae makoti hata saa sita mchana. Ni nchi ya viazi, kabichi, puaro na maharage. Mboga nyingi tunazokula hapa mjini huteremka kutoka milima hiyo, na magunia yakichelewa barabarani, kila mama sokoni anajua kabla redio haijasema.

Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23, ikafuata Kirumba. Desemba ya mwaka huo, Majilio yakiwa katikati, mapigano yakafika Alimbongo. Kila vita vilipopanda kilima kimoja, watu waliteremka upande wa pili, na mzigo kichwani, na mtoto mgongoni. Wengi hawakwenda kwenye kambi yoyote. Waligonga mlango wa ndugu, au wa mtu waliyewahi kumuuzia viazi, wakafunguliwa. Kuna nyumba za vyumba viwili hapa Butembo ambazo usiku zinalaza familia tatu, na wenye nyumba hawajaandikwa kwenye orodha ya shirika lolote la misaada.

Katika shirika letu (wasomaji wa Tanzania na Kenya wangesema jumuiya ndogondogo) yupo mama mmoja wa huko juu aliyepokewa hivyo. Jumatano jioni, tulipokuwa tukisoma Injili nyumbani kwa wenyeji wake, alikuwa na ungo mapajani, akichambua maharage ya chakula cha kesho. Nikamtazama mikono. Yale yenye tundu aliyatupa, yaliyokunjamana aliyaacha kwenye ungo, na mara mojamoja alichukua moja nene, la ngozi laini, akaligeuza kwenye mwanga wa taa, akalifunga kwenye ncha ya kikwembe chake. Tulipomaliza sala nikamuuliza:

“Mama, hayo unayawekea nini?”

“Ni mbegu, baba.”

“Utapanda wapi?”

“Sijui bado. Lakini mvua ya mwezi wa tatu haitaningoja nitafute mbegu.”

Mwenye nyumba alicheka kwa upole, akasema tangu aje, chungu chao hakipati tena maharage makubwa. Alisema kwa fahari.

*

Kesho, Jumapili ya tatu, tutasoma Waraka wa Yakobo, na ndani yake yumo mkulima anayengojea mazao ya ardhi mpaka yapate mvua ya kwanza na ya mwisho. Sijui kama pana mahali pengine duniani ambapo mstari huo unaeleweka kama kwetu. Hapa tunazo mvua mbili. Ya kwanza inaanza mwezi wa tisa, na maharage yake ndiyo watu wanaanza kuyang’oa sasa, Noeli ikikaribia. Ya pili inakuja mwezi wa tatu, na ikikukuta hujaandaa shamba, mwaka umekuponyoka.

Mara nyingi mkulima huyu huhubiriwa kuwa mfano wa mtu aliyetulia. Nawaomba mapadri wetu, ambao wengi wao ni watoto wa wakulima, watuhubirie mkulima waliyemwona kwao. Mtu wa viazi anachagua mbegu, anaiacha ichipue gizani, anapanda, anapandishia udongo kwenye shina, anapalilia, na kila asubuhi anainama kutazama majani, kwa sababu mvua ikizidi ukungu unaweza kuteketeza shamba zima kwa siku chache. Hayo yote anayafanya akijua kwamba mvua yenyewe hawezi kuiamuru. Huo ndio ungojeaji ninaouona kwa yule mama. Jambo kubwa haliko mikononi mwake na amelikubali hilo. Madogo yaliyo mikononi mwake hajayaacha hata moja.

Ninaamini Kanisa linatuitia hilo wakati huu wa zambarau. Tunanyamazisha Utukufu, tunawasha mshumaa mmoja kila Jumapili, tunaungama, tunatazama ndani ya nyumba zetu. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachomfanya Bwana aje haraka. Vinatufanya sisi tukutwe tumesimama.

*

Jumanne misa ya asubuhi ilikuwa na watu wachache, na somo lilikuwa Isaya sura ya 40, ile ya kuwafariji watu wa Mungu. Katika jimbo hili sura hiyo haipiti hivi hivi. Ndiyo aliyoichagua Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko kuwa kichwa cha barua yake ya Noeli, tarehe 24 Desemba 1999.

Vijana wengi wanamjua kwa jina tu. Alikuwa askofu wetu tangu 1966 mpaka 1997. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichofunguliwa hapa Butembo mwaka 1989 ni kazi yake, na watu wazima bado wanamkumbuka akihimiza barabara na kilimo kwa nguvu ile ile aliyohimizia sakramenti. Mwaka 1997 akatumwa Bukavu, kwenye kiti kilichoachwa na Christophe Munzihirwa, aliyeuawa Oktoba 1996. Alijua anakwenda wapi.

Barua ilipoandikwa, Bukavu ilikuwa chini ya waasi wa RCD. Kataliko angeweza kuandika barua ya Noeli ya kawaida, yenye nyota na wachungaji. Aliandika kwamba mataifa ya nje, yakisaidiwa na baadhi ya ndugu zetu Wakongo, yanaendesha vita kwa utajiri wa nchi yetu wenyewe. Akaandika pia, na sehemu hii tunaisahau upesi, kwamba Injili inatukataza njia ya silaha, na kwamba uhuru tutaulipia kwa mateso yetu na sala zetu. Tarehe 12 Februari 2000 alizuiwa kukaa Bukavu, akapelekwa uhamishoni hapa hapa Butembo, kati ya watu aliowachunga zaidi ya miaka 30. Alirudi Bukavu Septemba. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akafariki Roma.

Nimekuwa nikiifikiria barua hiyo tangu Jumanne, kwa sababu faraja tunayopeana siku hizi ni nyepesi mno. Tunamwambia mtu aliyepoteza shamba, ng’ombe na kaka kwamba yatapita, kisha tunabadilisha mazungumzo. Kataliko aliwafariji watu kwa kusema hadharani kilichowapata na nani alikifanya, halafu akabaki nao katika yaliyofuata. Aliwakatalia pia kulipiza. Kuyashika yote matatu pamoja ni kazi nzito, na sioni njia ya kuyatenganisha. Ukweli peke yake, katika Kivu hii yenye bunduki nyingi, umeshawapeleka vijana wengi msituni. Na msamaha unaotolewa kabla kosa halijatajwa unawaacha waliodhulumiwa peke yao.

*

Tarehe 1 Desemba ilikuwa sikukuu ya Mwenye heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 akiwa hajatimiza miaka 25, na aliyemsamehe ofisa wa waasi wa Simba aliyemuua. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Kila mwaka anatujia Majilio yakianza au yakikaribia, na watoto wa chama cha Kizito-Anuarite wanavaa vitambaa vyao na kuimba.

Mwaka huu nilishindwa kumfikiria bila kufikiria Byambwe, huko huko Lubero. Usiku wa 14 Novemba waasi wa ADF walishambulia kituo cha afya cha Kanisa pale. Watu wasiopungua 17 waliuawa, wakiwemo akina mama waliokuwa katika wodi ya uzazi. Wiki mbili baadaye tukaanza kumngojea mtoto azaliwe na Maria. Naomba katika mashirika yote, tunapofika fumbo la tatu la furaha, kuzaliwa kwa Bwana, tuwaombee akina mama wale na watoto waliobaki.

*

Kuhusu kwaya: mwalimu wetu amekataza nyimbo za Noeli zisisikike nje ya chumba cha mazoezi mpaka tarehe 24. Namuunga mkono. Sokoni Noeli imeanza zamani, vipaza sauti vinaiimba tangu Novemba, na ni vizuri kuwe na mahali pamoja mjini ambapo watu bado wanangoja. Ila ukipita karibu na ukumbi saa kumi na moja jioni utawasikia sauti ya nne wakijaribu kuimba kwa kunong’ona, jambo ambalo sauti ya nne haiwezi.

Kuhusu pango: watoto wanafinyanga wanyama kwa udongo wa bondeni. Kondoo wapo, ng’ombe wapo. Mtoto mmoja wa familia zilizokimbia amefinyanga mwanamume anayesukuma chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo, na juu yake magunia, godoro na kuku. Mkubwa wao alitaka kuiondoa akisema Bethlehemu hakukuwa na chukudu. Sista akaichukua, akaiweka kwenye njia ya kuingia pangoni, mbele ya mamajusi. Naona ameiweka mahali pake. Yosefu naye alitembea na mkewe mjamzito kwa sababu ya amri ya mtawala aliyekuwa mbali, na baadaye akakimbia usiku na mtoto mchanga. Watu wa Kipese wanaisoma Injili wakiwa ndani yake.

Kuhusu maungamo: Ijumaa foleni ilitoka mlangoni ikafika kwenye mikaratusi, na mapadri walikuja kutoka parokia jirani kusaidia. Wanaume walikuwa wengi kuliko mwaka jana. Nilifurahi sana kuona hilo.

*

Injili ya kesho ni ya Yohane Mbatizaji akiwa gerezani. Mtu yule yule aliyepaza sauti jangwani bila woga anawatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu kama ndiye yeye, au wangojee mwingine. Namshukuru Mathayo kwa kutoificha habari hii. Yule kijana wa nje ya kanisa aliuliza karibu swali hilo hilo, na kumbe ameuliza akiwa na mtu mkubwa upande wake. Yesu hakumkemea Yohane. Aliwaambia wale wanafunzi wakamweleze wanayoyaona: vipofu, viwete, wakoma, maskini. Mtu kwa mtu, mahali kwa mahali. Gereza halikufunguliwa.

Kwa hiyo nami naandika ninayoyaona. Jana, baada ya mkutano wa mashirika, iliamuliwa kwamba kapu la Majilio mwaka huu lisiwe la mchele na mafuta peke yake. Mama yule wa maharage ndiye aliyesimama, kwa sauti ndogo mwanzoni, akasema chakula cha Noeli kitaliwa siku moja, na kwamba wapo wenyeji wenye vipande vya ardhi pembeni mwa mji wasivyovilima. Mzee mmoja akasema anacho kipande upande wa mtoni, akitumie mama huyo na wenzake kwa mavuno mawili bila malipo. Mwingine akaongeza chake. Katibu aliandika majina.

Basi mbegu zinapokelewa sakristia kila siku baada ya misa ya asubuhi, mpaka Jumamosi tarehe 20. Maharage yawe yamechaguliwa, makavu, bila tundu. Viazi viwe vidogo vyenye macho, na visitoke kwenye shamba lililonyauka, maana ugonjwa wa kunyauka huhama na mbegu. Mwenye jembe la ziada alete na jembe.